Mahudhurio Yake Yalifika Wizarani, Presha Yake Haikunifikia

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa mwaka wa waganga wafawidhi, wauguzi wakunga, wafamasia na watunza takwimu wa vituo vya afya vya halmashauri yetu. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliobaki zamu siku hiyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mganga Mkuu, wenyeviti wa kamati za usimamizi wa vituo, na ninyi ndugu zangu wa zahanati, ambao baadhi yenu mmetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili mfike hapa saa tatu: nawashukuru.

Nimeombwa nizungumzie mageuzi ya kidijitali katika huduma za afya za umma. Wengi wenu mnafahamu kwamba nilifanya kazi ya ukunga miaka kumi na miwili kabla ya kuhamishiwa dawati la takwimu, kwa hiyo nitaanzia wodini, mahali ambapo mimi mwenyewe nilianza kulitafakari jambo hili.

Ilikuwa masika. Nilikuwa zamu ya usiku peke yangu, na mnamo saa nane dereva wa bodaboda alimshusha mama mmoja mlangoni, mwenye mimba ya miezi minane, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anasema anaona vimulimuli. Nilimpima presha, nikakuta 170 kwa 110. Mama mkwe wake alinikabidhi kadi ya kliniki iliyofungwa ndani ya mfuko wa rambo, na mfuko ule ulikuwa umetoboka. Niliifungua kadi taratibu kwa sababu kurasa zilikuwa zimeshikana. Niliweza kusoma jina la mkoa mwingine, na niliweza kuona kwamba alikuwa amehudhuria kliniki mara nne, lakini safu ya presha, safu ya mkojo na safu ya wekundu wa damu zilikuwa zimegeuka doa moja la wino wa bluu. Sikujua kama presha ile ilianza jana au ilianza miezi mitatu iliyopita. Sikujua kama aliwahi kuanzishiwa dawa. Sikujua lolote ambalo muuguzi mwenzangu, kule alikotoka, alikuwa amelijua na kuliandika kwa mkono wake.

Nilimchoma sindano ya magnesiamu, nikampa rufaa, akafika hospitali, akajifungua, na wote wawili wakapona. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wiki mbili baadaye, nilipokuwa nahesabu kitabu namba 6, kile cha wajawazito, kwa ajili ya ripoti ya mwezi, mkono wangu ulisimama katikati ya ukurasa. Nilitambua kwamba yule mama, mahudhurio yake yote manne, alikuwa ameshahesabiwa na kupelekwa juu: kutoka zahanati yake kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda wizarani. Mahudhurio yake yalikuwa yamefika wizarani. Presha yake haikunifikia mimi niliyekuwa nimemshika mkono.

Ndugu zangu, hayo ndiyo ninayotaka kuyasema leo. Mfumo unaowahesabu watu ni kitu kimoja, na mfumo unaomfahamu mtu ni kitu kingine. Tumefika mbali sana katika kuhesabu. Katika kufahamu, bado tuko njiani.

Sisemi hivi kwa kuidharau MTUHA, mfumo wetu wa vitabu vya taarifa za huduma za afya. Mimi ni mtoto wa MTUHA. Nimekaa na vitabu vile, namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha wazazi, mpaka kidole changu kikawa na sugu ya kalamu. Na ule mfumo wa kompyuta wa DHIS2 tunaoutumia kuingiza ripoti zetu, ambao nchi yetu, Tanzania, iliusambaza kote kufikia mwaka 2013, umeondoa adha kubwa: zamani ripoti ilisafiri kwenye bahasha, leo Mganga Mkuu anaiona siku ile ile inapoingizwa. Ila nataka mjue asili ya mfumo huu, kwa sababu asili yake inatufundisha jambo ambalo tumelisahau.

DHIS haikuzaliwa Ulaya, ingawa leo kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo. Mizizi yake iko Cape Town, katikati ya miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokuwa umeondoka madarakani na kuacha huduma za afya zilizogawanywa vipande vipande kwa rangi za watu. Kila idara ilikuwa na fomu zake na mtu wake wa kumpelekea. Hakuna aliyeweza kusema, kwa eneo moja tu la mji, ni watoto wangapi wamechanjwa, kwa sababu watoto wa mtaa mmoja walihesabiwa na mamlaka tofauti. Waliotengeneza mfumo ule walikaa na wahudumu wa afya wa wilaya, wakaanza na swali la wilaya: ninyi mnahitaji kujua nini ili mfanye uamuzi hapa hapa? Makao makuu yalikuja baadaye. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilibuniwa ili muuguzi na mganga wa wilaya wajione wenyewe kama kwenye kioo, na sisi tumekigeuza bomba la kupandishia maji kwenye tenki ambalo bomba lake la kushushia halijawekwa.

Niwaulize, na msinijibu kwa sauti. Ni wangapi kati yenu mwezi uliopita mlifungua DHIS2 kwa ajili ya kusoma, na si kwa ajili ya kuingiza? Ni wangapi mliona grafu ya kituo chenu wenyewe? Na ni wangapi mlipigiwa simu na mtu wa juu kuulizwa kwa nini ripoti imechelewa, lakini hamjawahi kupigiwa simu na kuambiwa, "tumeona wajawazito wenu wanaanza kliniki wakiwa wamechelewa, tufanye nini pamoja?"

Taarifa inayopanda bila kushuka humchosha anayeiandika. Taarifa inayoshuka humfanya aiandike vizuri zaidi. Sitoi nadharia hapa, tumeshayaona katika nchi hii hii, katika mradi wa SMS for Life wa mwaka 2009 na 2010. Wizara na washirika wake walichukua wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, zenye vituo 129. Hawakupeleka kompyuta hata moja zahanati. Kila wiki, simu ya kawaida ya mhudumu ilipokea ujumbe unaomtaka ahesabu dawa mseto za malaria na sindano za kwinini zilizobaki, naye alijibu kwa ujumbe mfupi usiomgharimu senti, na aliyejibu kwa wakati alipata muda wa maongezi. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau dawa moja ya malaria. Baada ya wiki 21, vilikuwa 26 kati ya 100. Lindi Vijijini walikaribia kulimaliza kabisa tatizo hilo.

Simu ile iliweza kufanya hivyo kwa sababu upande wa pili alikuwepo mtu aliyekuwa na mamlaka na gari. Mganga Mkuu wa Wilaya alipoona kwamba zahanati moja ina makasha ya ziada na nyingine, ng'ambo ya mto, haina hata dozi moja, alihamisha dawa. Mhudumu aliandika namba Alhamisi, na siku chache baadaye aliona boksi likishushwa. Nani kati yetu angechoka kuandika namba ambazo zinarudi kwake zikiwa dawa?

Jambo hili hili ndilo linaloifanya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ipendwe vijijini. Mnaifahamu wote: piga 115, bila malipo. Mpokea simu katika kituo cha uratibu anafuata maswali yaliyopangwa ndani ya mfumo, anatambua dharura ni ya kiwango gani na mama anapaswa kupelekwa wapi, kisha anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye malipo yake yanaingia kwenye simu. Ilianzia kwa majaribio kanda ya ziwa, na kuanzia mwaka 2022 serikali ikaieneza nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Mimi si mtu wa kusema kwamba simu ndiyo iliyofanya yote hayo. Kuna vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, kuna damu salama, kuna wakunga walioajiriwa. Lakini nimewahi kushika simu ile saa tisa usiku na kuisikia sauti ya mtu akiniambia, "Sista, gari limeshatoka, dereva yuko dakika ishirini kutoka kwako." Sijui niwaelezeje uzito ulionitoka kifuani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, nami nitakaa hapo muda mrefu kidogo.

Mwaka jana nilitembelea zahanati moja siku ya Jumanne, siku ya kliniki ya watoto, nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama. Alikuja mama mmoja na mtoto wa wiki kumi na nne kwa ajili ya Penta ya tatu, chanjo inayokinga magonjwa matano. Mtoto alivalishwa suruali ya mizani, akaning'inizwa, akalia, akashushwa. Kisha muuguzi akaanza kuandika. Aliandika uzito na chanjo kwenye kadi ya mtoto. Akaandika kwenye kitabu namba 7, cha watoto. Akachora kijiti kwenye karatasi ya tali. Akapunguza dozi kwenye daftari la chanjo. Halafu akachukua kishikwambi, akafuta skrini kwa upindo wa gauni lake, akalitafuta jina la mtoto, mtandao ukazunguka, ukazunguka, jina likaja, akaingiza tena yale yale. Mara tano. Jambo moja, mtoto mmoja, mara tano. Chanjo yenyewe ilikuwa imekwisha kabla mtoto hajavuta pumzi ya kulia mara ya pili. Na nyuma ya yule mama walikuwepo wengine zaidi ya arobaini.

Nilimuuliza yule muuguzi, baada ya kazi, kwa nini haachi vitabu ilhali kishikwambi kinatoa ripoti chenyewe. Alinijibu kwa upole: "Mkaguzi akija, dada, anauliza kitabu. Hajawahi kuniuliza kishikwambi."

Hebu tulitafakari jibu hilo. Tulimpa chombo kipya bila kumwondolea cha zamani. Tulimwambia teknolojia itampunguzia kazi, kisha tukamwongezea kazi. Na sisi tunaokaa kwenye ofisi zenye kiyoyozi tunapoona taarifa za kishikwambi na za kitabu hazilingani, tunaandika kwamba wahudumu hawana mwamko. Hapana. Mwamko anao. Asichokuwa nacho ni mikono minne.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Arusha, ambako usajili wa chanjo wa kielektroniki ulianzia kabla ya kupelekwa mikoa mingine, wenzetu walilijua mapema suala la kuandika mara mbili. Kitabu hakifungwi kwa semina. Kitabu kinafungwa kwa barua yenye muhuri, inayotaja kituo kwa jina, inayotaja tarehe, na inayomwambia mkaguzi kwamba kuanzia siku hiyo aulize kishikwambi. Kituo kiwe kimethibitisha kwanza kwamba kinaingiza watoto wote na kwamba ripoti zake ni sahihi kwa miezi kadhaa mfululizo, hilo nakubali. Lakini barua lazima iandikwe, na lazima iandikwe na mwenye mamlaka.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba suluhisho ni kununua mfumo mmoja mkubwa utakaofanya kila kitu. Uingereza ilijaribu. Mwaka 2002 walianzisha mpango wa taifa wa kuunganisha hospitali zote kwa mifumo iliyochaguliwa makao makuu, wakatumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali yao ikatangaza kuuvunja. Madaktari walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Nchi yenye fedha zile, wataalamu wale na umeme usiokatika ilishindwa kwa sababu ya kuwapita waandikaji. Sisi tunapata wapi ujasiri wa kuwapita?

Nimetaja umeme. Nizungumze na ninyi wenzangu ambao LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha Ijumaa jioni mnasubiri Jumatatu. Mei 2021 wahalifu wa mtandao waliivamia mifumo ya huduma za afya za umma za Ireland, wakiwa wameingilia kupitia faili moja lililofunguliwa na mtumishi mmoja aliyedhani ni barua pepe ya kawaida. Ikabidi nchi nzima izime kompyuta za huduma za afya. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi, miadi ya wagonjwa ikaahirishwa, na kurejesha mifumo yote kulichukua miezi. Kama Ireland ilirudi kwenye karatasi, basi karatasi ya akiba si aibu ya nchi maskini. Ni sehemu ya mfumo uliofikiriwa vizuri.

Kwa hiyo ninapodai kitabu kifungwe, sidai kichomwe. Kila kituo kiwe na fomu chache za dharura ndani ya bahasha, kila mtumishi ajue ziko wapi, na ajulikane ni nani atakayeziingiza kwenye mfumo mtandao ukirudi. Mgonjwa asiambiwe "mfumo uko chini, rudi kesho." Homa ya mtoto haina kesho. Na tafadhali, nawasihi kama dada yenu: msichomeke simu wala kishikwambi kwenye sola ya jokofu la chanjo. Najua kishawishi kilivyo, nami nimekiona kikifanyika. Tuombe sola ya pili kwa maandishi. Nitaibeba barua hiyo mwenyewe.

Limebaki jambo la siri ya mgonjwa. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta nenosiri limeandikwa kwenye kipande cha plasta, ile ile ya kufungia kidonda, na kubandikwa kando ya kompyuta ya mapokezi. Watumishi wote waliingia kwa jina la mmoja. Walinieleza sababu, na ilikuwa ya kweli: mwenye akaunti alikuwa amehamishwa, maombi ya akaunti mpya yalikuwa hayajajibiwa, na wagonjwa walikuwa wanasubiri. Siwalaumu. Lakini fikirini pamoja nami.

Sote tunawafahamu watu wanaopanda basi kwenda wilaya nyingine kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ilhali zahanati ya kijijini kwao inazo. Wanalipa nauli ili wasionekane. Zama za karatasi, umbali ndio uliowalindia siri yao: faili lilikaa kwenye kabati la chumba kimoja, katika mji ambao hakuna anayewajua. Siku tutakapounganisha vituo vyote, jambo ambalo nalitamani kwa ajili ya yule mama wa kadi iliyoloa, umbali huo utafutika. Jirani aliyeajiriwa mapokezi ataweza kuwa na faili la jirani yake mezani kwa kubonyeza mara tatu. Je, tumewaandalia nini badala ya umbali tuliouondoa?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria ipo. Kinachotakiwa ni kila mtumishi awe na akaunti yake siku ya kwanza anaporipoti na ifungwe siku anapohama, mfumo uonyeshe nani alifungua faili la nani na saa ngapi, na kamati zenu za usimamizi zijulishwe kwamba zina haki ya kuuliza. Wenyeviti wa kamati mliopo hapa, ulizeni. Msiogope kwamba hamkusomea kompyuta. Kutunza siri hakukuanza na kompyuta.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu unakwisha. Ninaporudi ofisini nataka mambo mawili tu yakamilike kabla ya robo hii kwisha. La kwanza ni kwamba kila mfawidhi atapokea, kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, ukurasa mmoja uliochapishwa kutoka DHIS2 unaoonyesha kituo chake mwenyewe, na mtu wa ofisi yangu atampigia simu waupitie pamoja. Vocha ya simu hizo imeshapitishwa.

La pili linamhusu Mganga Mkuu. Vituo vyetu viwili vimeingiza kila mtoto kwenye kishikwambi kwa miezi sita, nami nimelinganisha jina kwa jina na kitabu namba 7, nikiwa nimekaa sakafuni na miwani yangu, jina kwa jina. Nimeandika barua ya kuuomba mkoa utoe kibali cha kukifunga kitabu hicho katika vituo hivyo viwili. Ninayo hapa ndani ya bahasha hii, inahitaji saini yako, nami nitakuletea mezani wakati wa chai.